Nilianguka kwenye sakafu niliyoideki mwenyewe: je, ni uzembe wangu?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 47 na huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa msafishaji wa ofisi. Nimeajiriwa na kampuni ya usafi, ila jengo ni la watu wengine. Wiki tatu zilizopita nilikuwa namalizia kudeki korido ya vigae karibu na vyoo. Msimamizi akanipigia simu, na simu nilikuwa nimeiacha kwenye kimeza mwisho wa korido. Nikageuka haraka kuiwahi, mguu ukakwenda mbele, nikajikuta chini. Nilijikinga kwa mkono wa kulia. Hospitali walipiga picha, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, wakanipa dawa za maumivu. Mkono bado unauma, hata kukamua dekio siwezi. Msimamizi anasema ni uzembe, kwa sababu sakafu niliilowesha mwenyewe na kibao cha tahadhari nilikiweka mwenyewe, na anataka nisaini karatasi inayosema hivyo. Wenye jengo wanasema mimi si mfanyakazi wao. Kweli kosa ni langu? Na tufanye nini, maana timu yetu ni watu sita na mimi ni wa tatu kuanguka mwaka huu?

JIBU

Dada yangu, pole sana. Nitafika kwenye karatasi na kwenye sakafu, lakini tuanze na huo mkono, kwa sababu sakafu inaweza kusubiri wiki moja na mkono hauwezi.

Mguu unapotangulia mbele, mwili unaangukia nyuma na mkono unakwenda wenyewe kuutegemeza. Uzito wote unashukia kwenye kiganja. Pale kwenye kifundo cha mkono kuna vifupa vinane vidogo vilivyopangana kama mawe ya ukuta, na kile kinachovunjika mara nyingi kuliko vingine kinaitwa skafoidi, kiko upande wa kidole gumba. Ufa wake unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba eksirei ya siku ya kwanza haiuoni. Ndiyo maana daktari mwenye shaka humfunga mgonjwa hogo hata kama picha imetoka safi, kisha anairudia picha baada ya siku 10 hadi 14, au anaomba kipimo cha MRI. Haraka hiyo ina sababu. Damu ya kifupa hiki huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma. Kikikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu, kisiunge, na mwisho kikafa. Mtu anabaki na kifundo kinachouma maisha yote kwa sababu ya picha moja iliyosema "hakuna kitu".

Nyoosha kidole gumba juu. Kwenye shina lake, upande wa mgongo wa mkono, panatokea kishimo kati ya kano mbili. Bonyeza humo taratibu kwa kidole cha mkono wa pili. Pakiuma kwa namna inayokufanya uvute mkono, rudi hospitali kesho, usingoje miadi ya mwezi ujao. Hata pasipouma sana, wiki tatu za kushindwa kukamua dekio zinatosha kukurudisha. Mweleze daktari hivi: nilianguka kazini tarehe fulani, nilitua kwa kiganja, picha ya kwanza haikuonyesha kitu, maumivu hayajaisha. Neno "kazini" hakikisha limeandikwa kwenye faili. Utaona chini kwa nini nalisisitiza.

Na kwa umri wako, hedhi inapokaribia kukoma, mifupa huanza kupungua uzito. Ikigundulika kwamba kweli kuna mfupa uliovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu, muulize daktari kama hali ya mifupa yako inafaa kupimwa.

Wenzako nao wajue mambo machache. Aliyegonga kichwa akatapika, akasinzia isivyo kawaida, au kichwa kikazidi kuuma, ni wa kukimbizwa hospitali. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu aende hata akijisikia mzima. Aliyekalia kifandugu akapata ganzi kati ya mapaja au akashindwa kukojoa, hiyo ni dharura ya mgongo, si ya kupaka dawa na kulala. Na anayeshindwa kukanyaga hatua nne baada ya kuumia kifundo cha mguu anahitaji picha.

Sasa sakafu. Msimamizi wako amesema jambo la kweli bila kujua uzito wake: sakafu uliilowesha wewe. Ndiyo, kwa sababu ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya. Mtu wa ofisini anaweza kungoja ikauke, akazunguka upande wa pili, akakitii kibao. Wewe huna pa kuzungukia. Sakafu yenye maji ndiyo karakana yako. Mchomea vyuma haambiwi kwamba cheche alizitoa mwenyewe. Anapewa miwani na ngao, na zana zake zinapangwa kwa kujua kwamba cheche zitatoka. Swali la maana ni hili: kazi yenu imepangwa kwa kujua kwamba mtu wa kwanza kukanyaga sakafu mbichi ni yule anayeideki?

Nimetumia miaka mingi ya kazi nikitazama miguu ya watu. Kisigino kinapotua, hakitui chote. Ukingo wa nyuma unatangulia, eneo la vidole viwili tu, na uzito wa mwili unaanza kuhamia hapo wakati kisigino bado kinasogea mbele kidogo. Kwa hiyo kila mmoja wetu huteleza kidogo anapotembea. Mtelezo wa chini ya sentimita 3 hivi huuhisi hata kidogo. Ukipita sentimita 10 hivi, wengi hawajirudishi tena, wanakwenda chini. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo unapoona mtu akirusha mikono, akishika ukuta, halafu akicheka kwa aibu. Ule mcheko, dada, ungepaswa kuandikwa kwenye daftari. Nitalirudia.

Maji hayahitaji kuwa dimbwi ndipo yamwangushe mtu. Kwenye kigae laini, utando mwembamba wa maji ukinaswa chini ya soli hauna pa kukimbilia, na kiatu kinaelea juu yake badala ya kushika sakafu. Kigae chenye uso wa kukwaruza hutoboa utando huo. Ukwaruzo wa mikroni 20 hivi unatosha kwa maji, na mikroni 20 ni kama theluthi ya unene wa unywele, jicho halioni. Mafuta yana mnato zaidi kuliko maji, kwa hiyo yanataka ukwaruzo mkubwa zaidi, ndiyo sababu jikoni ni habari nyingine kabisa. Maana yake ni kwamba kuitazama sakafu hakukuambii kitu. Uingereza wakaguzi hutumia penduli, mkono wenye kipande cha mpira unaoachiwa ushuke ukikwaruza sakafu iliyoloweshwa. Ikipata alama 36 kwenda juu, hatari ya kuteleza ni ndogo. 25 hadi 35 ni ya wastani. 24 kushuka ni kubwa. Kigae kilekile kinaweza kupata alama nzuri kikiwa kikavu, kikaporomoka mara tu maji yakimwagika. Jengo linalong'aa mlangoni na vyooni lilichaguliwa na mtu aliyeliona likiwa kavu.

(Hapa kuna kosa ninalolisikia kila mara: "vigae vyetu ni R9, vimepimwa." Kipimo hicho cha Ujerumani, ambacho mtu hutembea juu ya jukwaa lililopakwa mafuta huku likiinuliwa, kinaanzia R9 na kuishia R13. R9 ndiyo ngazi ya chini kabisa.)

Kisha kuna suala la kugeuka. Kutembea kawaida kwenye mstari ulionyooka kunahitaji msuguano wa takribani 0.2 kati ya kiatu na sakafu, yaani mshiko wa kama sehemu moja ya tano ya uzito unaokanyaga. Kukata kona, kuharakisha, kusimama ghafla, kuvuta ndoo ya lita 15, vyote hivyo vinadai zaidi ya hapo. Unaweza kudeki korido nzima salama kwa sababu unakwenda taratibu kwa hatua fupi, halafu ukaanguka kwa hatua moja ya haraka kwenye vigae vilevile. Wewe hukuanguka ukideki. Ulianguka ukiwahi simu. Na aliyepiga simu ni nani? Sisemi hivyo ili tumhamishie msimamizi lile neno "uzembe". Pengine alikuwa na la muhimu, na hakujua umesimama wapi. Nasema kwa sababu hapo ndipo unapoonekana mpangilio wa kazi: timu ambayo mtu huulizwa mbona hukupokea simu itaendelea kukimbia kwenye maji.

Nikija kwenye mambo ya kubadilisha, nitaanza na sabuni, maana ndiyo husahauliwa. Niliwahi kuitwa kwenye jengo moja ambalo watu walikuwa wakianguka kwenye korido ileile. Walikuwa wameongeza vibao vya tahadhari hadi korido ikafanana na msitu. Nikaomba tu nitazame ndoo ikitayarishwa. Mama mmoja mchapakazi alishika dumu la sabuni, akamimina kwa jicho, akanusa, akaongeza tena "ili inukie". Kifuniko cha kupimia kilikuwa kimepotea siku nyingi. Nikapiga magoti, nikapitisha kidole kwenye kigae kikavu: kilinata. Nikadondosha matone mawili ya maji, nikapitisha tena: kidole kikateleza kama kwenye samaki. Sabuni iliyozidi haiondoki maji ya deki yanapokauka. Inabaki, inakauka, na kila mara sakafu inapolowa inaamka. Tulichofanya ni kuideki korido kwa maji matupu mara kadhaa mpaka mabaki yakaisha, na kununua kikombe chenye mistari. Mama yule aliniambia hakuna aliyewahi kumwonyesha maandishi ya nyuma ya dumu, nami nilimwamini, kwa sababu yalikuwa ya lugha asiyoisoma.

Jaribu kwenye korido yenu kile nilichofanya kwa kidole. Ikinata ikiwa kavu, mmeshapata jibu la kwanza. Maji machafu ya deki hufanya vivyo hivyo: ukiendelea na ndoo moja mpaka maji yageuke kijivu, unachofanya ni kuhamisha mafuta ya vyumba vya nyuma kwenda vyumba vya mbele. Na penye mafuta kweli, sabuni inahitaji dakika chache za kukaa kabla ya kusuguliwa. Kuimwaga na kuifuta papo hapo ni kuyatandaza mafuta tu.

La pili ni muda wa kukauka. Wengi hudhani dekio lililokamuliwa vizuri linaacha sakafu salama. Linaacha utando mwembamba, na kwenye kigae laini utando huo unatosha kumwangusha mtu. Fanyeni hivi siku moja kabla watu hawajaingia. Deki mita moja ya mraba kama kawaida yenu, tazama saa, halafu kila baada ya dakika moja bonyeza karatasi laini ya chooni sehemu tofauti. Ikitoka bila alama ya unyevu, andika dakika. Rudieni karibu na vyoo na mlangoni, maana penye hewa nzito matokeo hayafanani. Kisha linganisheni na muda halisi ambao korido hukaa bila kukanyagwa. Nimeona sehemu ambazo ukaukaji unachukua dakika kumi na watu wanaanza kupita baada ya tatu. Hapo hakuna kibao kitakachosaidia. Unabadilisha saa ya kudeki, au unapunguza maji.

Kupunguza maji ndiko ninakokupenda zaidi. Dekio bapa la kitambaa cha maikrofaiba lililolowekwa na kukamuliwa kabla ya kuanza huacha maji kidogo sana kuliko dekio la nyuzi linalochovywa kila mara. Kama hilo halipo, fuatisha dekio la maji kwa dekio kavu, na dekio kavu lenyewe libadilishwe likilowa, vinginevyo linatandaza. Tone moja la chai halihitaji dekio hata kidogo, karatasi inatosha. Kuchukua dekio kufuta tone ni kugeuza tatizo la ukubwa wa sarafu kuwa la ukubwa wa meza.

La tatu ni mwelekeo. Anza mbali, malizia mlangoni, ukirudi kinyumenyume ili miguu yako ibaki kwenye pakavu. Hili unalijua kwa miaka tisa. Lakini kila mtu aendaye kinyumenyume ana adui nyuma yake: ndoo. Ndoo isikae kwenye mstari unaorudi. Ikae ubavuni, ukutani, na isogezwe kwa mkono, siyo kwa teke. Korido pana igawanywe kwa urefu, nusu idekiwe kwanza na nusu ibaki kavu kwa wapitao, ikiwa ni pamoja na wewe mwenyewe. Na vitu vyako, simu, funguo, chupa ya maji, viwe upande wa kutokea, au mwilini. Simu yako ilikuwa mwisho wa korido, ng'ambo ya maji uliyoyaweka. Hiyo ni sehemu ndogo ambayo kesho unaweza kuibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa, na simaanishi kwamba ndiyo sababu ya kuanguka kwako.

Mashine ya kusugulia ina waya, na waya ukipita mbele ya miguu ni mtego. Upitishe begani, ubaki upande ulikotoka.

Ngazi za kupandia ghorofani zinanitisha kuliko korido. Anayezisafisha huanzia juu, akisimama kwenye vidato vikavu vya chini na kufuta vya juu yake, kumaanisha anashuka kinyumenyume asikoona. Akikosa kidato kimoja haanguki chini alipo. Anakwenda mpaka mwisho. Ndoo isikanyage kidato kamwe, ibaki kwenye sakafu tambarare. Tumia kitambaa kilichokamuliwa, si dekio linalochuruzika, fanya upande mmoja kwanza, na mkono mmoja uwe kwenye reli muda wote. Anayesema kazi hiyo inahitaji mikono miwili amepewa zana isiyofaa. Taa ziwashwe zote. Nimekuta wasafishaji wa alfajiri wakifanya ngazi gizani kwa sababu taa za jengo zinawaka saa mbili, wakati wenye kazi zao wanapoingia.

Kuhusu kupanda juu ya kiti kufuta vioo, au juu ya ukingo wa sinki, jibu langu ni fupi: hapana. Tumia mpini mrefu. Ikibidi ngazi ya kuegemeza, mguu wake uwe mbali na ukuta mita 1 kwa kila mita 4 za kwenda juu, na isiegemezwe kwenye sakafu uliyotoka kuideki. Hiyo ya mwisho inaonekana ya kuchekesha mpaka utakapoiona.

Viatu. Soli bapa iliyolika ni kigae cha pili juu ya kigae cha kwanza. Unataka soli laini kidogo yenye mifereji iliyo wazi mpaka ukingoni, ili maji yapate pa kutokea, na mifereji hiyo isafishwe maana ikijaa uchafu ni kama haipo. Viatu vya kazi vya viwango vya Ulaya vilikuwa vikiandikwa SRA, vimejaribiwa kwenye kigae chenye sabuni; SRB, kwenye chuma chenye gliserini; SRC, vyote viwili. Viwango vipya vya 2022 vinatumia alama ya SR. Kiatu kilichoandikwa tu kwamba hakiharibiwi na mafuta hakijasema lolote kuhusu kuteleza. Na ndala, jamani, hapana, hata kama miguu inawaka moto.

Nani anunue viatu hivyo? Hapa ndipo tunapoingia kwenye karatasi yako.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwenye kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 16 kinamtaka mwajiri ahakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba mahali pa kazi, mitambo na namna kazi inavyofanywa ni salama. Na kile cha 17 kimeandikwa kama kwa ajili yako: pale ambapo kampuni mbili au zaidi zinafanya shughuli zake mahali pamoja kwa wakati mmoja, zinapaswa kushirikiana kuutimiza mkataba huo. Kwa hiyo "si mfanyakazi wetu" si jibu kamili. Kampuni yako ndiyo inayopanga zamu, dekio na sabuni. Wenye jengo ndio wenye vigae, taa na saa za kufungua milango. Mwaka 2022 mkutano wa shirika hilo uliingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi, ambazo nchi wanachama wote wanawajibika kuziheshimu, ziwe zimeridhia mkataba au la. Sheria ya nchi yako ndiyo itakayokupa hatua za kufuata, na namna zinavyoandikwa zinatofautiana, lakini msimamizi akikuambia mambo haya ni ya kampuni kubwa tu, sasa unajua.

Neno "uzembe" nalo lina historia. Zamani mfanyakazi aliyeumia alilazimika kumshtaki mwajiri na kuthibitisha kosa, naye mwajiri alijitetea kwa maneno yaleyale unayoambiwa leo: ulifanya mwenyewe. Ujerumani ilipopitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, ilibadilisha swali. Waajiri walichangia mfuko, na mfanyakazi aliyeumia kazini akalipwa bila kubishana kosa ni la nani. Nchi nyingi zimejenga mifuko yao ya fidia juu ya wazo hilo. Mahali penye utaratibu wa namna hiyo, jambo la kuthibitisha ni kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Ndiyo maana nilisema neno "kazini" liwe kwenye faili la hospitali.

Karatasi hiyo usiisaini. Huna haja ya kugombana; sema tu kwamba utaandika taarifa yako mwenyewe, na uombe nakala ya ile waliyoandika wao. Muda wa kutoa taarifa hutofautiana nchi na nchi, na mahali pengine ni mfupi mno, kwa hiyo wiki tatu zilizopita zisizidi kuwa nne. Peleka nakala kwa mwajiri, nyingine kwa wenye jengo, na uulize ofisi ya ukaguzi wa kazi iliyo karibu au chama cha wafanyakazi hatua inayofuata. Piga picha ya korido, ya dekio, ya soli za viatu ulivyovaa siku ile. Viatu hivyo usivitupe wala usivioshe.

Kuhusu watatu kati ya sita: hilo ndilo lenye nguvu kuliko yote uliyoniandikia, na umeliweka mwishoni kabisa. Mtu mmoja akianguka, msimamizi atamtazama mtu. Watatu wakianguka ndani ya mwaka, inabidi atazame sakafu. Kaeni sita, mwandike kila mmoja alianguka wapi, saa ngapi, akifanya nini, amevaa nini miguuni, sakafu ilikuwa imedekiwa dakika ngapi kabla. Andikeni pia wale walioteleza wakashika ukuta na kucheka. Sitashangaa mkikuta wengi wamejazana mita chache karibu na vyoo, kwenye saa ileile moja. Hapo mtakuwa na jambo la kudai lenye ukubwa unaoshikika: vigae vya mita chache, saa moja ya zamu, dekio la aina fulani. Angalieni pia idadi ya vyumba mnavyotakiwa kumaliza kwa zamu. Kama hesabu yake haina dakika za kukauka, basi kuharakisha kumo ndani ya ratiba, na tabia ya mtu haihusiki.

Taarifa yako iwe fupi, bila kujitetea na bila kumlaumu mtu. Mimi ningeiandika hivi, nawe ujaze:

"Tarehe ___, saa ___, nikiwa zamuni kwenye korido ya ghorofa ya ___, nilikuwa nimemaliza kudeki vigae karibu na vyoo. Sakafu ilikuwa bado na unyevu. Nilipigiwa simu ya kazi, nikageuka kuelekea ilipo simu, mguu wa ___ ukateleza mbele, nikaanguka na kutua kwa kiganja cha kulia. Nilikuwa nimevaa viatu ___, nilivyopewa na ___ / nilivyonunua mwenyewe. Sabuni iliyotumika ni ___, na kipimo nilichoonyeshwa ni ___ / sijawahi kuonyeshwa kipimo. Waliokuwapo ni ___. Nilikwenda hospitali tarehe ___, na tena tarehe ___. Mwaka huu wafanyakazi wengine wawili wa timu hii wameanguka, mahali ___ na ___. Naomba tukio hili liandikwe kama ajali ya kazini, nipewe nakala, na korido hiyo ikaguliwe ikiwa na maji."

Maneno manne ya mwisho usiyaondoe. Wakija kuikagua ikiwa kavu, watakuta sakafu nzuri.